Apatimenti ya milioni 15 Hegang, China: mgeni anaweza kununua kweli?

Mdigo_wa_Harbin

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote. Nna jambo naomba wenye uzoefu wa China mnisaidie, hasa mliokaa muda mrefu.

Mi nipo Harbin namalizia masters ya uhandisi mitambo. Nikimaliza kuna kampuni ya mashine za kilimo iko Jiamusi, huku huku mkoa wa Heilongjiang, imekubali kuniajiri na wameshaanza kufuatilia kibali cha kazi. Sasa toka nijue nahamia kule nimekua nachungulia bei za nyumba kwenye simu, ndo nikakutana na Hegang, mji uko kaskazini ya Jiamusi kama kilomita 70 hivi. Wakuu, kuna apatimenti za mita za mraba 50, vyumba viwili, jiko, choo ndani, zinauzwa yuan 30,000 mpaka 40,000. Kwa hela yetu hiyo ni kama milioni 11 mpaka 15, na zipo za chini ya hapo. Mwanzo nilidhani ni kodi ya mwaka au ni utapeli, nikamuuliza Mchina ninaesoma nae akasema ni kweli kabisa, Hegang inajulikana China nzima kwa nyumba za bei ya chini toka 2019 iliposambaa habari ya baharia mmoja aliyeenda kununua kule akamaliza na chenji ikabaki.

Yaani hela ya kiwanja tu Tanga mjini, bila hata tofali moja, huku napata nyumba imekwisha, ina maji, umeme na bomba za joto. Hela hiyo ninayo, nimeidunduliza kwenye posho ya skolashipu na kaka yangu ataniongezea.

Ninachotaka kujua ni hivi. Mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania anaruhusiwa kununua? Ardhi inakua yangu au ya serikali? Nikiwa na nyumba napata ukaazi au angalau viza inakua rahisi? Mke wangu na mtoto wapo Tanga, nataka waje, je nyumba inasaidia kwenye hilo? Na siku nikiamua kurudi nyumbani nikauza, hela inatoka nje ya China au inabaki huku? Wife yeye anasema nisinunue kitu nchi ya watu, nikajenge kwetu. Namuelewa ila bei hii jamani.

---

Bi_Mwanakombo

Marahaba mwanangu. Mimi nipo Yiwu, kazi yangu kupeleka mizigo Dar na Unguja, na swali lako hili nalijibu kila msimu maana wafanyabiashara wa Kariakoo wakija kununua bidhaa wakiona bei za nyumba za miji midogo wanataka kulipa siku hiyo hiyo. Nawazuia kwa nguvu zangu zote.

Kununua inaruhusiwa, lakini si kwa kila mgeni. Mwaka 2006 serikali ilitoa masharti kwamba mgeni awe ameshafanya kazi au kusoma China zaidi ya mwaka mmoja, na nyumba iwe ya kukaa mwenyewe, si ya kuwekeza. 2010 wakakaza zaidi, mgeni nyumba moja basi. 2015 wakalegeza kidogo, lile sharti la mwaka mzima likaondoka kitaifa, lakini msingi ukabaki pale pale, uwe unafanya kazi au unasoma ndani ya China, na miji yenye masharti yake ya kununua ikaendelea nayo. Kwahiyo mtu aliekuja kwa viza ya utalii au ya biashara ya mwezi mmoja akaoneshwa nyumba na dalali, akatoa hela ya kishika uchumba, huyo anatafuta kilio. Ofisi ya usajili itamuuliza kibali cha ukaazi na barua ya kazi au ya chuo, hana, na dalali keshaondoka na chake.

Wewe mwanafunzi una kibali cha ukaazi, kwa hiyo kwa maandishi unaingia. Lakini sikiliza, kibali chako cha sasa ni cha chuo, ukimaliza kinakwisha. Cha kazi kinafungwa na mwajiri, jina la kampuni limo, ukiachana nao au wakikuachisha kinafutwa na unaanza kuhesabu siku za kutafuta mwingine au kuondoka. Bora kidogo mlio na masters za vyuo vya China, toka 2017 mnaweza kupewa kibali cha kazi bila ile miaka miwili ya uzoefu wanayodai kwa wengine. Hiyo bahati yako usiichezee, shughulikia kibali kwanza, nyumba baadae.

Na hili la ukaazi naomba ulielewe vizuri mwanangu kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wetu. Nyumba China haikupi viza, haikupi ukaazi, haikupi hukou, yaani ule usajili wa mkaazi ambao Mchina mwenyewe ndio unampa shule na huduma za mji wake. Unaweza kuwa na hati ya nyumba mkononi ukanyimwa viza ya kwenda kuiangalia. Nimeona kwa macho. Mke na mtoto wanakuja kwa viza ya familia kwa kukufuata wewe mwenye kibali cha kazi au cha masomo, na watataka cheti cha ndoa na cha kuzaliwa vilivyothibitishwa, hawataki kujua umepanga au umenunua. Na wakifika, ndani ya masaa 24 mnakwenda polisi kujiandikisha mnapokaa, hata kama nyumba ni yako. Usisahau hilo, faini ipo.

---

Mkenya_Changsha

Mama ameongea vizuri sana hapo juu. Wacha mimi niongezee kwa hiyo ya ardhi maana wengi huwa hawaielewi.

Ardhi yote ya mjini China ni ya serikali, hata Mchina hanunui ardhi, ananunua haki ya kuitumia. Nyumba za kuishi ni miaka 70, za biashara 40. Kwetu Kenya katiba ya 2010 inampa mgeni mwisho miaka 99 ya kukodi ardhi, nanyi Tanzania mna hati za 33, 66 na 99, kwa hivyo sisi hii kitu haifai kutushtua. Lakini kumbuka hiyo 70 inaanza kuhesabiwa siku mjenzi alipewa ardhi, si siku wewe umenunua. Nyumba ya zamani unaweza pata imebaki na 40 na kitu. Sheria mpya ya madai iliyoanza Januari 2021 inasema ya makazi ikiisha muda inaendelea yenyewe, na 2016 huko Wenzhou kuna watu hati zao zilikuwa za miaka 20 zikaisha, kukawa na kelele nyingi juu ya kulipa, mwishowe serikali ikasema wasiombe chochote na wasilipe kwa sasa. Hiyo upande wa makazi. Zile apatimenti za jengo la biashara za miaka 40 ziogope, zinauzwa bei ya chini na zinakaa poa kwa picha, lakini stima na maji mara nyingi unalipia bei ya biashara na kuiuza ni shida tupu.

Kitu ingine. Kuna nyumba zinajengwa kwa ardhi ya kijiji, pembeni pembeni ya mji, bei nusu ya zingine. Hizo usiguse hata kama jirani wako wote wamenunua. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje, hata Mchina wa mji mwingine haruhusiwi, hati ya kweli hakuna, unapewa karatasi ya kijiji tu. Ukisikia bei haieleweki, swali la kwanza ni hati iko wapi na jina la nani limeandikwa.

Na usije ukashawishika na jengo jipya ambalo halijaisha. Changsha hapa nyumba ziko na bei nafuu ukilinganisha na miji mikuu mingine ya mikoa, na watu walikuwa wananunua kwa ramani. Baada ya 2020 serikali ilipobana mikopo ya wajenzi, makampuni makubwa yakaanza kukwama, Evergrande ikashindwa kulipa madeni 2021 na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Majengo yakabaki mifupa, na 2022 wanunuzi miji mingi wakakataa kulipa mkopo wa nyumba ambayo hawajaiona. Sasa mgeni kama wewe utashtaki wapi, kwa lugha gani? Nunua kitu imesimama, imewekwa watu, hati imetoka. Hizo za Hegang nyingi ni za zamani so hapo angalau uko sawa.

Ukiangalia ukubwa pia uliza mita za ndani ni ngapi. Hapa China wanauza kwa mita za jengo, wanahesabu na sehemu yako ya ngazi, korido na lifti, so nyumba ya mita 100 kwa jengo refu ndani unaweza pata 75 au 80.

---

Daktari_wa_Jiamusi

Nimeshtuka kuona Jiamusi imetajwa humu haha si kawaida. Mimi nasoma udaktari hapa Jiamusi na Hegang nimefika, nilimsindikiza rafiki yangu Mchina alikua anataka kununua kwa ajili ya wazazi wake, tukazunguka na dalali nyumba nyingi tu, kwahiyo nakuambia nilichokiona.

Kwanza uelewe kwanini ziko bei ile. Hegang ni mji wa makaa ya mawe, umekua kwa migodi, na migodi imechoka, serikali kuu iliuweka kwenye orodha ya miji ambayo rasilimali yake imekwisha mwaka 2011. Sensa ya 2010 walikua zaidi ya milioni moja, sensa ya 2020 wakabaki kama laki tisa kasoro. Vijana wanaondoka. Wakati huo huo serikali ilibomoa vibanda vya zamani vya wachimbaji na kuwajengea maghorofa mengi sana, familia moja ikapata nyumba moja au mbili, watoto wako Dalian wako Shandong, nyumba iko tupu, nani anainunua? Ndo hiyo bei unayoiona. Mwisho wa 2021 mji ukatangaza kusitisha kuajiri watumishi wa ngazi za chini kwa sababu ya kupanga upya fedha zake. Simaanishi mji umekufa, hapana, mtaani kuna watu, masoko yako poa, nyama choma ya pale ni tamu kweli kweli na watu wakarimu. Ila mnunuzi wa kesho hayupo. Ukinunua kwa 35,000 usiwaze kuuza 50,000. Waza kama utampata wa kuichukua kwa 25,000.

Pili zile za bei ya chini kabisa kwenye simu ni ghorofa ya sita au ya saba, hakuna lifti. Tulipanda mpaka magoti yakalia, mzee wa rafiki yangu asingeweza kabisa. Ya juu kabisa inavuja theluji ikiyeyuka masika, na ya kona, ile yenye ukuta wa nje pande mbili, ni baridi hata bomba zikiwaka. Tuliingia moja ukutani kuna ukungu mweusi toka dari mpaka sakafuni, wamepaka rangi juu yake. Zilizo nzuri, ghorofa ya pili mpaka ya nne, zimekarabatiwa, hizo bei yake sio 30,000.

Tatu na hili ndo kubwa kwa mtu wa Tanga: JOTO. Wewe upo Harbin unaijua baridi lakini upo hosteli, joto analipa chuo. Huku joto la mji linawashwa katikati ya Oktoba mpaka Aprili, na unalipia kwa mita za mraba, kwa nyumba ya mita 50 ni zaidi ya yuan elfu moja kila mwaka, kila mwaka mkuu, uwepo usiwepo. Ukisema nafunga sitaki, sehemu nyingi bado wanakudai asilimia fulani, na ukifunga joto ukaacha maji kwenye bomba, usiku wa Januari inashuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bomba linapasuka maji yanashuka kwa jirani wa chini, na unamlipa wewe. Kabla hujatoa hela omba risiti za joto za miaka ya nyuma za nyumba hiyo hiyo. Kuna nyumba ina deni la joto la mwenye nyumba wa zamani na kampuni haikufungulii mpaka deni liishe. Rafiki yangu aliikwepa moja ya hivyo dakika ya mwisho kwa sababu mama wa jirani alimnong'oneza kwenye ngazi.

Nne nyumba za fidia, zile za waliobomolewa vibanda, zingine hazijatolewa hati bado. Dalali anakuambia hati ipo njiani. Kama ipo njiani na wewe hela yako iwe njiani.

Sasa swali langu kwako kaka, kazi yako iko Jiamusi, Hegang ya nini? Hizo kilomita 70 kila asubuhi kwenye theluji? Jiamusi nyumba nayo sio bei ya Shanghai, ni mara kadhaa ya hizo za Hegang ndio, lakini kuna vyuo, hospitali kubwa, treni ya mwendo kasi ya Harbin toka 2018, na ukitaka kupangisha au kuuza kuna mtu wa kumpangishia.

---

Mdigo_wa_Harbin

Asanteni sana, Bi Mwanakombo Mungu akuweke. Daktari umenifungua macho, hayo ya joto sikuyajua kabisa maana kweli hosteli hatulipi.

Nilichokua nawaza kuhusu Hegang ni kua nayo kama yangu, wikiendi naenda, familia ikija likizo wanakaa. Ila kuna kitu sijawaambia. Huyo Mchina ninaesoma nae kwao ni Hegang, amesema kama vibali vinachelewa naweza kununua sasa hivi kwa jina lake, kuna nyumba ya shangazi yake ghorofa ya tatu, 38,000, tunaandikishana karatasi kwamba hela ni yangu, af nikipata kibali cha kazi tunahamisha jina. Ni mtu mzuri sana, tumekaa nae vizuri, sina shaka nae hata kidogo. Mnaonaje?

---

Bi_Mwanakombo

Hapana mwanangu. Hapana.

Sisemi kijana huyo ni mbaya, inawezekana ni mtu safi kuliko ndugu yako wa damu. Lakini nyumba ikiwa kwa jina lake basi mbele ya sheria ni yake. Akidaiwa na benki au na mtu yeyote, mahakama inafunga mali zenye jina lake na nyumba yako imo. Akioa, mke wake na wakwe wanaijua kama nyumba ya familia, wakiachana inaweza kuingizwa kwenye ugomvi wao wa mali. Akifa, Mungu apishe mbali, warithi wake ni wazazi wake na mkewe na wanawe, wewe utakwenda na karatasi yako mliyoandikishana kwenye meza ya kantini kubishana na wafiwa kwa Kichina. Na siku ya kuhamisha jina kwako si kuhamisha tu, ni mauzo mapya, kodi inaanza upya, na wewe unapimwa upya kama unastahili kununua.

Hapa Yiwu nimeona watu wazima, wafanyabiashara wenye akili zao, wamepoteza stoo na nyumba kwa jina la rafiki. Hakuna aliyeanza na rafiki mbaya. Niliwahi kumpeleka mama mmoja kwa wakili akalia pale ofisini mpaka na wakili akashindwa kuongea. Roho inaniuma nikikumbuka. Kama nyumba ya shangazi ni nzuri itasubiri, na kama haitasubiri zipo nyingine, mji unapungua watu huo, nyumba hazitaisha.

---

Mzee_wa_Muheza

Kijana wangu, mke wako ana hoja. Milioni 15 Muheza unapata kiwanja kizuri na unapandisha msingi, kiwanja kinapanda bei na mtoto wako anarithi bila kuomba viza. Hiyo ya China kila mtu humu amekuambia inashuka. Toka 2021 bei za nyumba China zinashuka hata miji mikubwa, serikali yao imepunguza mpaka malipo ya awali ya mkopo yakafika asilimia 15 mwaka 2024 ili watu wanunue na bado. Sasa wewe unanunua kitu kinachoshuka, nchi usiyo na uhakika wa kukaa, na kila mwaka unalipia moto wa kuota?

---

Daktari_wa_Jiamusi

Mzee shikamoo. Nakubaliana na wewe kama anatafuta uwekezaji. Lakini tusimhukumu, kama mtu ana kazi ya miaka mitano sita mahali, kupanga nako ni hela inaenda. Nyumba ya kukaa ina faida yake hata ikishuka bei, ilimradi unakaa ndani yake. Tatizo la Hegang kwake ni kwamba hatakaa.

Ushauri wangu kwa Mdigo, ukifika Jiamusi panga kwanza, ukae msimu mzima wa baridi, Oktoba mpaka Aprili. Hapo utajua mtaa gani joto linafika vizuri, jengo gani lina uongozi mzuri, basi la kampuni linapita wapi, na kama mke na mtoto watamudu. Maana kuna watu wanaondoka huku sio kwa ajili ya hela, ni giza la saa kumi jioni na kutoongea na mtu. Hasa akina mama wanaokaa ndani na mtoto mdogo lugha hawajui. Hilo ulifikirie sana kuliko bei.

---

Mdigo_wa_Harbin

Shikamoo mzee. Nimewasoma wote, nimempigia na wife tumeongea muda mrefu. La jina la rafiki nimeliacha, nimemwambia jamaa kwa heshima na ameelewa. Hegang naiweka pembeni. Nahamia Jiamusi napanga, familia ikija baada ya baridi ya kwanza tutaamua pamoja kama tunanunua pale mjini, na nusu ya hela naituma nyumbani kwa ajili ya kiwanja, mzee wa Muheza umeshinda nusu.

Kwa hiyo swali langu linabaki moja. Nikifika kununua Jiamusi kwa jina langu, gharama za juu ya bei ni zipi, na niweke makaratasi gani ili siku nikiuza hela itoke?

---

Mkenya_Changsha

Uamuzi poa sana bro. Kodi ya kununua kuanzia Desemba 2024 ni asilimia 1 kwa nyumba ya kwanza isiyozidi mita 140, so hapo si kitu ya kukutoa jasho. Kuna dalali, huwa ni asilimia lakini kwa nyumba za bei ndogo wengine wanataka kiasi maalum, kubaliana kabla hujaonyeshwa nyumba. Kuna kutafsiri pasipoti kwa ofisi inayotambulika na kuthibitisha, na usimamizi wa jengo kila mwezi. Kodi ya nyumba ya kila mwaka hakuna, majaribio yako Shanghai na Chongqing peke yake toka 2011. Ukiuza kabla ya miaka miwili kuna VAT, ukipitisha miwili inaondoka, na ukikaa miaka mitano na hiyo ndiyo nyumba yako pekee hata kodi ya mapato unasamehewa. So kama unanunua nunua ukijua ni ya miaka mitano kwenda juu. Mkopo wa benki kwa mgeni kwa mji mdogo usiuhesabu.

---

Bi_Mwanakombo

Alhamdulillah mwanangu, nimefurahi, na mkeo mwambie nimemsalimu.

Kabla ya kulipa hata senti, nenda mwenyewe na mtu anaejua Kichina vizuri kwenye kituo cha usajili wa mali cha Jiamusi, waulize mgeni anaandikishwaje. Miji midogo inawezekana mhudumu hajawahi kuandikisha pasipoti maisha yake yote, mwache aulize wakubwa zake, akupe orodha ya karatasi, na muombe aangalie kwenye mfumo kama nyumba ina rehani au imefungwa na mahakama. Hela ipite kwenye akaunti yako ya benki yenye jina lako kwenda kwa muuzaji, si taslimu, si kwa simu ya dalali. Ukinunua kwa mshahara ulioupata hapa, weka karatasi za kodi ya mshahara. Ukileta hela kutoka nyumbani, weka karatasi ya benki inayoonesha imeingia lini na imebadilishwa kwa sababu gani. Siku ya kuuza benki itataka mkataba wa mauzo, ushahidi kwamba jina limehamishwa, na risiti ya kodi, ndipo wakubadilishie yuan ziende nje. Pakikosekana karatasi moja utazungushwa miezi.

Na pasipoti. Hati ya nyumba inaandikwa namba ya pasipoti yako, na pasipoti zetu zikiisha zinakuja na namba mpya. Ya zamani usiitupe, usiwaachie ubalozini, omba wakukatie kona wakurudishie, na uombe barua kwamba namba ile na hii ni mtu mmoja. Halafu uende nayo kule kule kituo cha usajili ubadilishe namba kwenye hati mapema, usisubiri mpaka upate mnunuzi.